Simu, mpira na feza ya nyumba



Juma lililopita tulizungumza juu ya kuchunga unga wa mahindi wakati huu wa mvua. Leo tunazungumza juu ya mpira. Msicheke. Tunajua wengi wenu mtasema: «Mpira ni mambo ya wababa na vijana, sisi tuna kazi.» Hata sisi tulisema vile, mpaka siku mpira ulipoingia katika feza ya likelemba yetu na kutoka nayo.

Tena wakati wenyewe umefika. Kombe la Afrika linaanza Morocco tarehe 21 Desemba 2025. Léopards wetu wako katika kundi moja na Senegal, Benin na Botswana, nao watacheza tarehe 23, 27 na 30. Watoto watakuwa nyumbani, masomo yamefungwa kwa ajili ya Noeli. Simu ya mama itaombwa kila saa: «Mama, nipe kidogo tu, niangalie matokeo.» Afadhali tujue mapema nini kinaingia katika simu hiyo na nini kinatoka.

Usiku wa mechi ya Nigeria

Mama mmoja wa kundi letu ameturuhusu kueleza habari yake bila kutaja jina, kusudi isimpate mwingine.

Baba wa nyumba yake anafanya kazi mgodini huko Kolwezi. Anarudi Lubumbashi mara moja kwa mwezi. Kijana wao ana miaka 14. Baba na kijana wana desturi yao. Kila siku Léopards au Mazembe wanapocheza, kila mmoja anafungua katika simu aplikasio ya matokeo, baba kule Kolwezi, kijana hapa Lubumbashi, na bao likiingia wanaandikiana. Pale baba anapolala hakuna tele. Kwa kijana tele ipo, lakini umeme wa mtaa wao unakuja usiku mmoja na kukosa siku mbili. Basi zile nambari mbili ndogo, 0-0, ndizo zinazowaweka pamoja kwa saa moja na nusu. Mama yake anasema kijana huongea na baba yake siku ya mechi kuliko siku zote zingine za mwezi.

Siku ya yenga, tarehe 16 Novemba 2025, Léopards walicheza na Nigeria huko Rabat, wakitafuta njia ya kwenda Kombe la Dunia. Nigeria walifunga mapema, dakika ya 3. Dakika ya 32 Meschack Elia akasawazisha. Baba akaandika kutoka Kolwezi: «Elia!» Kijana akajibu kwa herufi kubwa. Mambo yakabaki 1-1. Dakika 90 zikaisha, zikaongezwa 30. Hapo kijana akashindwa kuvumilia. Nambari hazikumtosha tena, alitaka kuona kwa macho.

Katika kundi la WhatsApp la vijana wa mtaa, mtu alikuwa ametuma kiungo, ile mistari ya buluu ya kubonyeza, na maneno haya: angalia mechi bure. Kijana akabonyeza. Ukurasa ulikuwa na picha za wachezaji na bendera yetu. Ukasema mechi ni bure, ila inatakiwa kulipa franka 500 za kujiandikisha. Ukaomba nambari ya simu. Ukaomba kode ya siri ya feza ya simu. Kisha mesaji ikaingia yenye nambari sita, na ukurasa ukasema: andika nambari hizo hapa kusudi tuhakikishe kwamba ni wewe. Kijana akaandika zote. Kode aliijua, sababu mama mwenyewe alimfundisha ili amsaidie kununua yuniti.

Mechi haikufunguka. Kilichoonekana ni duara linalozunguka bila kusimama. Kijana akarudi kwenye nambari zake. Penalti zikapigwa, Chancel Mbemba akafunga ya mwisho, tukashinda 4-3. Mtaa wote ukapiga kelele. Mama yake naye alitoka nje na kitenge mabegani, akacheza na majirani.

Asubuhi, alipotaka kumlipa mwenye makala, ndipo akaona mesaji tatu zilizoingia usiku. Franka 180 000 hazikuwepo tena. Na feza hizo hazikuwa zake. Yeye ndiye mtunza-feza wa likelemba yetu. Siku ya pili yake ilikuwa zamu ya mwenzetu mwingine kupokea, mjane, ambaye alikuwa akingojea feza hizo alipe masomo ya sekondari ya binti yake.

Alikimbia kwa mwenye kabini. Wakapiga simu, nambari yake ikafungwa, lakini feza zilikuwa zimekwisha kutolewa.

Hatutaficha kwamba mkutano wa siku ile ulikuwa mgumu. Wamoja walisema kijana ni mwizi. Wengine walisema neno baya zaidi, kwamba mama amekula feza na sasa anajificha nyuma ya mtoto. Tulikaa saa tatu. Mwisho tulisoma pamoja zile mesaji, tukalinganisha saa zake na saa ya mechi. Feza zilitoka wakati zile dakika 30 za kuongeza zilipokuwa zinachezwa. Hakuna mtu aliyekuwa sokoni saa ile, wala kwenye kabini. Waliokuwa wamemshitaki walimwomba msamaha mbele yetu wote, na hilo lilitusaidia kuendelea.

Tukakata shauri hivi: sanduku la msaada lilipe franka 60 000, naye mama alipe 120 000 zilizobaki, 10 000 kila juma. Mjane akakubali kupokea kidogo kidogo. Watatu kati yetu tulienda kwa mkuu wa masomo kumweleza, na binti hakufukuzwa. Mpaka leo mama amelipa juma nne. Bado 80 000.

Jambo la kwanza mama alilofanya nyumbani ni kumnyang'anya kijana simu. Juma mbili nzima hakuna matokeo, hakuna mesaji. Baba akapiga simu kutoka Kolwezi: «Mtoto anagonjwa?» Kijana alikaa kimya, anakula bukari yake na kwenda kulala. Ndipo mama huyu alipotuuliza katika mkutano: «Ninyi wamama wenzangu, nimnyime mtoto simu, ao nijifunze mimi mwenyewe?»

Hatukuwa na jibu. Tulimwita binti wa mmoja wetu anayesoma mambo ya kompyuta kwenye chuo kikuu, akaketi katikati yetu na simu tatu juu ya meza. Mambo tunayoandika hapa chini tuliyajifunza siku ile, na tumeyajaribu sisi wenyewe.

Milango mitatu

Kosa letu la kwanza lilikuwa kuita yote jina moja: «mpira wa simu». Kumbe ndani ya simu mna milango mitatu. Wa kwanza ni nambari za matokeo. Wa pili ni picha za mechi. Wa tatu ni pari. Inakaa karibu karibu, mtoto anaweza kutoka mmoja na kuingia mwingine kwa kidole kimoja. Lakini hasara zake si sawa hata kidogo.

Mlango wa kwanza: nambari

Aplikasio za matokeo ziko nyingi. Zile zinazotumika sana hapa kwetu ni kama Flashscore na Sofascore. Zinachukuliwa bure katika duka la simu yenyewe, wala si katika kiungo alichotuma mtu. Zinapata feza zao kwa matangazo. Kwa kuangalia matokeo tu hazihitaji ujiandikishe, hazihitaji nambari yako ya simu, na hazihitaji kode yoyote. Shikeni neno hili, sababu ndilo kipimo cha yote yanayofuata.

Kazi yake ni hii. Mtu anayefuata mechi, uwanjani ao mbele ya tele, anabonyeza kila jambo linalotokea: bao, kadi, mchezaji kubadilishwa. Habari hiyo inakwenda kwa mashine kubwa za kampuni, na kutoka huko inatumwa kwa simu za watu wote wanaofuata mechi hiyo. Ni maneno machache na nambari tu. Ndiyo sababu usiku mzima wa mechi unaweza kula mega chache, na hata intaneti ikiwa dhaifu nambari zinafika.

Ukifungua, tafuta jina la ekipe yako, kisha bonyeza alama ya nyota pembeni yake. Tangu hapo mechi zake zitakuja zenyewe mbele. Kuna na alama ya kengele. Ukiiwasha, simu italia kila bao linapoingia, hata kama imefungwa mfukoni ao katika kikapu sokoni. Ukizima kengele za ekipe usizozijali, simu haitakusumbua usiku kucha na mabao ya Ulaya.

Mambo matatu yalitutatiza mwanzoni, tunawaeleza kusudi yasiwatatize.

La kwanza ni saa. Aplikasio inaonyesha saa ya simu yako. Lubumbashi tunatangulia Kinshasa kwa saa moja, na Morocco wana saa sawa na Kinshasa. Kwa hiyo ndugu wa Kinshasa akikuandikia kwamba mechi ni saa moja ya usiku, kwetu ni saa mbili. Usianze kupika ukimfuata yeye.

La pili ni bao linalorudi. Tulikuwa tunajaribu simu, nambari ikabadilika kuwa 1, tukapiga vigelegele. Dakika mbili baadaye ikarudi 0. Tulifikiri simu imeharibika. Binti alicheka, akaeleza kwamba mwamuzi alikwenda kuangalia picha na kulikataa bao. Nambari inaandikwa mara bao linapoingia, na inafutwa likikataliwa. Mama mwenye haraka ya kushangilia angoje kidogo.

La tatu ni mechi zetu za hapa nchini. Za Ulaya na za Kombe la Afrika zinafuatwa dakika kwa dakika. Za ligi yetu mara nyingine zinachelewa, ao unaona matokeo ya mwisho tu. Kwa mechi hizo redio ya mji na jirani aliyekwenda uwanjani bado ni wakubwa kuliko simu.

Mlango wa pili: picha

Kuona mechi yenyewe ndani ya simu ni jambo lingine kabisa. Picha zinazotembea ni mzigo mkubwa. Saa moja ya video yenye ubora wa katikati inaweza kula mega 500 mpaka 700. Ukiweka picha safi zaidi inapita mega 1 000 kwa saa. Pigeni hesabu: mechi nzima yenye dakika 90 inaweza kumaliza mega ulizonunua kwa juma nzima, na ikifika penalti, unakatikiwa pale pale.

Tena picha hizo zinachelewa. Video ya intaneti inakatwa vipande vidogo vya sekunde kadhaa, na simu inangoja kukusanya vichache kabla ya kukuonyesha. Kwa hiyo unachoona kinaweza kuwa nyuma ya uwanja kwa nusu dakika, pengine zaidi.

Wengine wetu tunakumbuka usiku wa tarehe 28 Januari 2024, Léopards na Misri katika Kombe la Afrika huko Côte d'Ivoire. Ilifika penalti, na kipa wetu Lionel Mpasi akaja kupiga mwenyewe. Jirani mwenye antena ya sahani alipiga kelele ya ushindi, 8-7, wakati watoto wetu katika simu walikuwa bado wanamwona Mpasi anatembea kuelekea mpira. Walitukasirikia kana kwamba sisi ndio tumewaharibia. Basi jueni: ukiangalia video na kengele ya matokeo imewashwa, kengele itakuambia bao kabla hujaliona. Chagua kimoja.

Kuna video za bure zilizo za haki. CAF ina chaneli yake katika YouTube, na mara nyingine huweka huko mechi nzima ao sehemu nzuri za mechi. Sehemu nzuri ni za dakika chache, hazili mega nyingi, na mtoto anaweza kuziangalia asubuhi. Lakini mechi kubwa zinanunuliwa na tele za kulipa, tena kwa feza nyingi. Mtu usiyemjua akikuambia atakuonyesha bure kitu ambacho wengine wamenunua ghali, jiulize yeye anataka nini kwako.

Alama za kiungo cha udanganyifu tulizihesabu nne.

Kinaomba kode ya siri. Hakuna mechi duniani inayohitaji kode yako ya feza ya simu ndani ya ukurasa wa intaneti.

Kinaomba nambari zilizokuja kwa mesaji. Nambari hizo ni ufunguo wa nyumba yako. Anayeziomba anataka kuingia.

Kinasema: kwanza chukua aplikasio hii, na aplikasio yenyewe haitoki katika duka la simu. Mara nyingi inaomba ruhusa ya kusoma mesaji zako. Mpira hausomi mesaji.

Kinakuharakisha. «Nafasi zimebaki chache, mechi imeanza.» Mwizi anapenda mtu mwenye haraka, na hakuna haraka kama ya kijana katika dakika za kuongeza.

Na kama mmekwisha kuandika kode mahali pasipofaa, msingoje asubuhi. Badilisheni kode saa ile ile, kisha pigeni simu kwa huduma ya kampuni yenu ao mwende kwa mwenye kabini nambari ifungwe. Mtoto ajue kwamba akikosea vile anaweza kukuamsha usiku bila kupigwa. Kijana wetu yule aliziona mesaji zinaingia. Alinyamaza kwa hofu mpaka asubuhi. Pengine mesaji ya kwanza tu ndiyo ingetoka, kama hangeogopa.

Wanaotaka zaidi ya nambari bila kumaliza mega, tunawakumbusha redio. Redio ya kawaida haili mega hata moja. Ile inayosikilizwa kupitia intaneti inaweza kula karibu mega 30 kwa saa, pengine zaidi. Ni ndogo sana mbele ya video. Na kwa mechi kubwa, njia tuliyoipenda sisi ni ile ya zamani: nyumba moja yenye tele, kila jamaa inaleta kidogo kwa mafuta ya jenereta, watoto wanaketi chini, wamama wanakaanga karanga. Hakuna kiungo kitakachoshinda hiyo.

Mlango wa tatu: pari

Mlango huu hauna kelele, ndiyo sababu tunauogopa zaidi. Katika aplikasio nyingi za matokeo, pembeni ya majina ya ekipe, mna nambari zingine ndogo: 1,80, kisha 3,40, kisha 4,50. Hizo si matokeo. Ni bei za pari. Ukizibonyeza zinakupeleka kwa kampuni ya kucheza feza.

Maana yake ni hii. 1,80 inasema: ukiweka franka 1 000 na ekipe hiyo ikashinda, utapewa 1 800, na ndani yake mna zile 1 000 zako. Faida ni 800. Ikishindwa, umepoteza 1 000. Kampuni imepanga bei hizo kusudi sehemu yake ibaki, mshinde ao mshindwe.

Vijana hawapendi 800. Wanapenda tiketi ndefu, mechi tano ama kumi pamoja, sababu inaahidi feza nyingi kwa franka kidogo. Lakini pigeni hesabu kama tunavyopiga ya nyanya. Tuseme kila mechi una nafasi moja kati ya mbili ya kukisia vizuri. Mechi mbili pamoja, ni moja kati ya nne. Tatu, moja kati ya nane. Nne, moja kati ya 16. Tano, moja kati ya 32. Mechi moja tu ikiharibika, tiketi yote ni karatasi. Na kijana haambii mtu tiketi 31 zilizoanguka. Anaonyesha moja iliyoshinda.

Hatusemi haya kwa vijana peke yao. Kuna nyumba tunazozijua ambamo feza ya unga inakwenda kwa mlango huo, na anayeipeleka ni baba, na mara nyingine ni mama. Katika aplikasio kadhaa bei hizo zinaweza kufichwa ndani ya mipangilio. Tafuteni neno «cotes» na mzime. Kama haifichiki, chagueni aplikasio ingine.

Mpira wetu sisi

Siku ile mezani tuliuliza pia swali ambalo hakuna kijana aliyewahi kutuuliza: je, wanawake wako humu?

Wako. Tarehe 23 Novemba 2024, ekipe ya wanawake ya TP Mazembe iliwafunga AS FAR wa Morocco 1-0, kule kule Morocco, ikachukua Ligi ya Mabingwa ya Afrika ya wanawake kwa mara ya kwanza. Wanaume wa Mazembe tunajua miaka yao kwa kichwa: 1967, 1968, 2009, 2010, 2015. Mwaka 2024 wa mabinti wangapi kati yetu waliujua? Tulipohesabu mezani, tulikuwa wanne katika watu kumi na saba.

Katika mitaa yetu tele zilizo barazani zinaonyesha mechi za Ulaya, za wanaume. Lakini katika aplikasio nyota ya Mazembe ya wanawake inawekwa sawasawa na ya wanaume, na kengele yake inalia sawasawa. Mmoja wetu ana binti wa miaka 11 anayecheza mpira na kaka zake mpaka magoti yanatoka damu. Alimwekea nyota hiyo. Sasa binti anasoma majina ya wachezaji kwa sauti, yeye aliyekuwa hapendi kusoma.

Jibu tulilompa mwenzetu

Basi tulimjibu hivi: usimnyime, ujifunze. Mtoto anayenyimwa simu ya mama ataangalia kwa simu ya rafiki, na huko hakuna mtu atakayemwambia alama nne.

Alibadilisha kode, na mara hii hakumwambia mtu. Alichagua aplikasio moja, akaweka nyota kwa Léopards, kwa Mazembe ya wanaume na kwa Mazembe ya wanawake. Siku ya mechi iliyofuata, simu ilikuwa mkononi mwake yeye, kijana ameketi kando. Kengele ilipolia, yeye ndiye aliyeandika kwa mume wake: «Tumefunga.» Mume alipiga simu mara moja kutoka Kolwezi kwa sauti ya hofu: «Mama wa watoto, kuna nini? Nani amechukua simu yako?» Walicheka wote watatu, mpaka yuniti za baba zikaisha. Mama alituambia kwamba ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya hasara ile kijana kucheka mbele yake.

Deni bado liko. Kijana naye anasaidia. Siku ya posho anasukuma maji ya majirani kwa mkokoteni, na kila juma analeta franka 2 000 ndani ya zile 10 000. Hakuna aliyemlazimisha.

Na sisi kama kundi tumekata mashauri mawili. La kwanza, feza ya likelemba haitakaa tena katika simu inayoshikwa na watoto. Mtunza-feza atakuwa na nambari ya pembeni, na mesaji zake zitaonwa na watu wawili kila juma. La pili, tarehe 23 Desemba, Léopards watakapocheza na Benin, tutaketi pamoja na watoto wetu kwa mwenzetu mwenye tele. Kila mmoja alete kikombe chake na karanga kidogo. Umeme ukikatika, tutafuata kwa nambari, simu moja katikati ya meza, na kijana yule ndiye atakayetusomea dakika.

Mwezi wa tatu wa 2026 Léopards watakuwa Mexico kutafuta nafasi ya Kombe la Dunia, na viungo vya bure vitazidi. Kabla ya hapo, kila mama ajue kufungua nambari mwenyewe. Asiyejua aje siku ya mkutano na simu yake, tutamwonyesha.

Juma lijalo tutarudi kwa mambo ya jikoni, namna ya kupika sikukuu kwa feza kidogo. Kaeni na amani, na chungeni kode zenu.

Sisi wenzenu wa kundi.